Nati za kufuli kwenye magurudumu ya gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya magari madogo na ya kati, yale yenye nati au bolti nne, tano au sita kwa kila gurudumu. Malori na mabasi yana taratibu zake na hayamo humu.

Nati ya kufuli ni kitu gani hasa?

Ni nati ya gurudumu isiyofunguka kwa spana ya kawaida. Kichwa chake hakina pembe sita. Kina mchoro maalumu, mara nyingi mfereji uliopindapinda au meno yasiyolingana, na hufunguliwa kwa kipande kidogo cha chuma chenye mchoro huohuo uliogeuzwa. Kipande hicho ndicho ufunguo. Upande mmoja unaingia kwenye nati, upande wa pili una pembe sita za kushikwa na spana ya magurudumu. Seti ya kawaida ina nati nne na ufunguo mmoja, wakati mwingine funguo mbili.

Zinazuia wizi kweli?

Zinauchelewesha. Gari likishapanda juu ya mawe, magurudumu manne yenye nati za kawaida yanang'oka kwa dakika chache, tena kwa spana ambayo kila mtu anayo. Nati moja ya kufuli kwa kila gurudumu inamlazimisha mwizi aje na kifaa cha ziada na apige kelele, au ahamie gari la jirani. Faida yake ni hiyo, na inaishia hapo.

Kuna soketi za kung'olea ambazo ndani yake zimechongwa nyuzi za kinyume. Inagongwa kwa nyundo juu ya nati, inauma, na kadiri unavyofungua ndivyo inavyozidi kuuma. Fundi naye anatumia soketi hizohizo siku ufunguo ukipotea, kwa hiyo zinauzwa wazi. Pia zipo seti za funguo za michoro inayotumika sana viwandani. Nati ya chuma laini yenye ukuta wa nje ulionyooka huumwa mara moja. Ile ya chuma kilichokazwa kwa moto, yenye pete ya nje inayozunguka bure, ni habari nyingine: soketi ikigongwa juu yake, pete inazunguka na nati imetulia tuli.

Ukinunua, nunua ya aina hii ya pili. Nati laini inakupa usumbufu wote wa ufunguo na nusu ya ulinzi. Ila ujue kwamba nati inayomsumbua mwizi itakusumbua na wewe ukipoteza ufunguo.

Gari langu linazihitaji?

Rimu za chuma zenye vifuniko vya plastiki: hapana. Hazina soko la kumshawishi mtu alale chini ya gari usiku, na usumbufu utakaojipa ni mkubwa kuliko hatari unayoikimbia.

Rimu za aloi za inchi 17 kwenda juu, matairi bado mapya, gari linalala nje au mahali pasipo na mtu: ndiyo, weka. Vivyo hivyo kama rimu zako zinaingia moja kwa moja kwenye magari mengi yanayofanana na lako, maana rimu inayoingia kila mahali ndiyo inayouzika haraka.

Katikati ya hapo ndipo penye mjadala, na watu wengi hupima upande mmoja tu. Wanaangalia thamani ya rimu, hawaangalii gurudumu linafunguliwa mara ngapi na nani analifungua. Gari linaloendeshwa na mtu mmoja, linalokwenda kwa fundi mmoja, ufunguo wake hudumu miaka. Gari la kazi lenye madereva wanaopokezana, linalopata pancha mara kwa mara na kuzibwa popote lilipofikia, ufunguo wake utapotea. Swali ni lini tu. Gari la namna hiyo ni afadhali libaki na nati za kawaida, hata kama rimu ni nzuri. Mwizi wa rimu huenda asije kamwe, lakini pancha lazima ije.

Pima pia mazingira ya safari. Anayesafiri mbali, kwenye barabara ambapo msaada ni kijiji kinachofuata, akikosa ufunguo amekwama kabisa hata kama ana tairi la akiba, jeki na spana.

Niweke moja kila gurudumu, au nati zote ziwe za kufuli?

Moja inatosha. Gurudumu halitoki mpaka nati ya mwisho ifunguke. Ukiweka nati ishirini za kufuli, mwizi mwenye soketi ya kung'olea atachelewa zaidi, ni kweli, lakini ufunguo utakuwa unafanya kazi mara tano zaidi kila gurudumu linapotolewa, na meno yake yataisha mapema. Siku ukipotea, fundi atang'oa nati ishirini badala ya nne. Wenye rimu za thamani kubwa sana wanaweza kuweka mbili kwa kila gurudumu, zenye michoro tofauti. Hapo sasa funguo za kutunza ni mbili.

Nimenunua gari lililotumika na limekuja nazo. Nianze na nini?

Tafuta ufunguo kabla hujalipa. Huwa umekaa kwenye droo ya dashibodi, ndani ya tairi la akiba pamoja na jeki, kwenye povu la vifaa chini ya zulia la buti, kwenye kisanduku kati ya viti vya mbele, au kwenye mfuko wa mlango. Usipoonekana, mwambie muuzaji autafute au aondoe nati hizo kwa gharama yake.

Ukishaupata, ujaribu kwenye magurudumu yote manne, usiridhike na moja. Si ajabu kukuta gari lina nati za kufuli za aina mbili kwa sababu mmiliki aliyepita aliharibu moja akaweka nyingine. Chomeka ufunguo, uhakikishe umeingia mpaka chini na hauchezi, kisha legeza nati kidogo na uikaze tena kwa kipimo chake. Inayogoma leo ukiwa gereji itagoma zaidi usiku kando ya barabara.

Nitajuaje saizi inayofaa?

Hapa ndipo makosa ya hatari yanapotokea, kwa sababu nati isiyo sahihi inaweza kuingia na kukazika kana kwamba ni yake. Vitu vinne lazima vilingane.

Uzi kwanza. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi nyingi ndogo hutumia M12x1.5. Nissan, Subaru na Suzuki nyingi hutumia M12x1.25. Volkswagen na Audi za miaka mingi sasa hutumia bolti za M14x1.5. Namba ya kwanza ni unene wa bolti kwa milimita, ya pili ni umbali kati ya uzi na uzi. Nati ya 1.5 kwenye bolti ya 1.25 itaingia mizunguko miwili au mitatu halafu itakuwa nzito; mwenye haraka huiendeleza kwa spana, na hapo bolti ya habu, yaani kile kitovu cha chuma ambacho rimu hufungwa juu yake, imeshaliwa nyuzi. Kanuni ni kwamba nati sahihi huzunguka kwa vidole vitupu mpaka iguse rimu.

Cha pili ni kitako, yaani sehemu ya nati inayokalia rimu. Kuna cha koni, kwa kawaida chenye pembe ya digrii 60. Kuna cha mviringo, kilichobinuka kama kipande cha mpira wa kuchezea, ambacho Honda nyingi na Volkswagen hutoka nacho kiwandani. Na kuna kilicho bapa chenye washa, kinachopatikana kwenye rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota. Kitako hufuata rimu, hakifuati gari. Ukibadilisha rimu za kiwandani ukaweka za kununua, aghalabu na kitako kinabadilika, na nati zako za zamani, za kufuli na za kawaida, hazifai tena.

Koni ikiwekwa kwenye shimo la mviringo inagusa ukingo mwembamba tu. Itakazika. Baada ya kilomita kadhaa ukingo ule unapondeka, nati inalegea, rimu inaanza kucheza, shimo linapanuka kuwa la yai, na bolti zinaanza kukatika moja baada ya nyingine. Kama una shaka, paka kitako cha nati wino wa maka peni, ikaze kwa nguvu ndogo, ifungue, utazame. Wino ukikwanguka kwa mstari mwembamba kama uzi, kitako si chake. Ukikwanguka kwa mkanda mpana unaozunguka sawasawa, vinalingana.

Cha tatu ni urefu. Uzi uliomezwa ndani ya nati uwe angalau sawa na unene wa bolti: milimita 12 kwa bolti ya M12, ambayo ni mizunguko 8 kamili kwa uzi wa 1.5 na karibu 10 kwa uzi wa 1.25. Hesabu mizunguko unapoiingiza kwa mkono. Nati iliyozibwa juu nayo inaweza kuwa fupi kwa ndani: bolti inagota kwenye kofia kabla kitako hakijaibana rimu, spana inakataa kwenda, nawe unadhani umekaza.

Cha nne ni unene wa nje wa nati na wa ufunguo wake. Rimu nyingi za kununua zina mashimo membamba. Ufunguo ukibana kwenye ukuta wa shimo hautazama mpaka chini, na ufunguo uliozama nusu ndio unaovunja meno.

Gari langu linatumia bolti, si nati. Kuna tofauti?

Ufunguo na mchoro ni vilevile. Urefu ndio wa kuangalia zaidi. Bolti hupimwa kuanzia chini ya kitako hadi nchani, nayo ya kufuli iwe sawa na zile zilizopo. Fupi haishiki vya kutosha. Ndefu mno inatokeza nyuma ya habu na kugusa springi za breki ya mkono au sehemu nyingine za breki. Baada ya kufunga, zungusha gurudumu kwa mkono likiwa juu ya jeki; ukisikia mkwaruzo wa chuma, usiendeshe.

Na tairi la akiba?

Hili wengi huligundua wakiwa wamepiga goti barabarani. Kama tairi la akiba lina rimu ya chuma na magurudumu mengine ni aloi, nati za kufuli zenye kitako bapa huenda zisikae kwenye rimu hiyo ya chuma yenye mashimo ya koni. Kwenye magari ya bolti, ya aloi inaweza kuwa ndefu mno kwa rimu ya chuma iliyo nyembamba. Jaribu nyumbani mara moja. Zisipokaa, weka ndani ya buti nati au bolti zinazofaa rimu ya chuma, kwa idadi ya gurudumu moja zima.

Lile tairi la akiba linaloning'inia kwenye mlango wa nyuma ni rahisi kuibwa kuliko yote manne, maana halihitaji jeki. Kama linashikwa na nati, hapo nati ya kufuli ina faida ya wazi.

Zinafungwaje?

Unaweza kubadilisha nati moja moja bila kuinua gari. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, kisha kwa kila gurudumu fanya hivi:

1. Ondoa nati moja. Chagua ileile kwa magurudumu yote, kwa mfano iliyo karibu na valvu, ili mtu yeyote aipate hata gizani.
2. Safisha bolti kwa brashi ya waya na futa shimo la rimu. Mchanga kwenye kitako unaifanya nati ionekane imekaza kumbe imekalia mchanga.
3. Ingiza nati ya kufuli kwa vidole mpaka mwisho, ukihesabu mizunguko.
4. Chomeka ufunguo, ubonyeze mpaka chini, na uushikilie kwa mkono mmoja ili usiinamie upande.
5. Kaza kwa spana ya mkono, taratibu, kisha malizia kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.
6. Toa ufunguo. Urudishe mahali pake kabla hujashika kitu kingine.

Hakiki ukazo tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Hatua hiyo hurukwa mno, hasa kwenye rimu za aloi zilizopakwa rangi mpya, ambapo rangi hubonyea chini ya kitako na nati kupoteza ukazo.

Gurudumu zima likitolewa, kuna utaratibu wa kuheshimu: ya kufuli iwe ya kwanza kulegezwa na ya mwisho kukazwa. Ukitangulia kulegeza zile nyingine, ya kufuli inabaki peke yake na mzigo wote, inabanwa, na ufunguo ndio unaoumia.

Nikaze kwa nguvu kiasi gani?

Kwa kipimo kilekile cha nati nyingine za gurudumu hilo, kilichoandikwa kwenye mwongozo wa gari. Toyota nyingi ndogo ni Nm 103 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), Honda nyingi Nm 108, Volkswagen nyingi Nm 120. Wapo wanaoikaza nati ya kufuli kuliko nyingine kwa kudhani itakuwa salama zaidi. Inakuwa ngumu kufungua tu.

Usipokuwa na spana ya toki, tumia hesabu. Mpini wa sentimita 40 unaosukumwa kwa uzito wa kilo 26 hivi mwishoni unatoa karibu Nm 100. Mtu wa kilo 75 akipanda juu ya mpini huohuo anatoa karibu Nm 295. Ndiyo sababu kusimama juu ya spana ni chanzo kikubwa cha funguo kuvunjika: nati imekazwa kwa karibu mara tatu ya kipimo, na wakati wa kuifungua meno membamba ya ufunguo yanadaiwa nguvu ambayo hayakuumbiwa.

Mashine ya upepo ya kufungulia nati inaruhusiwa?

Kwenye nati za kawaida, fundi makini anaweza kuitumia kwa kulegeza na kuingiza, kisha akamalizia kwa mkono. Kwenye nati ya kufuli, hapana, si kufunga wala kufungua. Mashine inapiga mapigo mengi kwa sekunde; ufunguo unarukaruka ndani ya mchoro, unakula kingo, na mara ya tatu au ya nne unateleza. Za betri ni vilevile.

Mwambie fundi kabla hajaanza, kwa maneno machache: "Fundi, kuna nati za kufuli, naomba uzifungue kwa mkono." Asipotaka, zilegeze mwenyewe robo mzunguko kabla hujampa gari, na uzikaze mwenyewe akimaliza.

Nipake grisi ili zisishike kutu?

Nyuzi na vitako viwe vikavu na visafi. Vipimo vya kukaza kwenye mwongozo vinahesabu msuguano wa chuma kikavu. Ukipaka grisi au oili, spana ya toki itasoma Nm 103 ileile huku bolti ikivutwa kwa nguvu kubwa zaidi, na bolti iliyovutwa kupita kiasi hurefuka na hatimaye hukatika. Kama gurudumu lako hugandana na habu kwa kutu, paka grisi nyembamba kwenye uso wa habu, mahali rimu inapoegemea katikati, na usiguse bolti wala breki.

Ufunguo uwekwe wapi?

Ndani ya gari, mahali pamoja pasipobadilika, na kila anayeliendesha gari hilo apajue. Nyumbani si mahali pake, pancha haitakungoja. Wengine huogopa kwamba mwizi ataukuta ndani. Hofu hiyo ina msingi mdogo: anayeiba rimu hataki kufungua milango na kuamsha alamu. Hata hivyo usiutupe tu kwenye droo ya dashibodi, mahali pa kwanza panapopekuliwa. Uweke kwenye mfuko wa jeki. Seti yako ikiwa na funguo mbili, wa pili ndio ukae nyumbani.

Na tafadhali, siku hiyohiyo unapoupata, piga picha ya namba yake. Namba au herufi huwa imegongwa kwenye ufunguo wenyewe, au imeandikwa kwenye kadi iliyokuja na seti. Kwa namba hiyo mtengenezaji wa nati anaweza kukuuzia mwingine. Watu hutunza kadi ndani ya gari pamoja na ufunguo, vikapotea pamoja.

Funguo nyingi hupotelea kwa fundi wa matairi, zikiwa zimebaki ndani ya soketi yake au zimechomekwa bado kwenye nati na kudondoka barabarani. Kabla hujawasha gari, uone kwa macho. Kuuliza hakutoshi.

Nimeupoteza. Nifanye nini?

Kama si dharura, anza na namba ya ufunguo. Kama huna namba na nati ni za kiwandani, wakala wa gari hilo huwa na kisanduku cha funguo zote za muundo huo na anaweza kujaribu mmoja mmoja mpaka upatikane unaoingia. Akishaujua, agiza wako. Usikubali afungue tu na kukurudishia nati zilezile bila ufunguo. Umelipia kazi na tatizo liko palepale.

Njia hizo zikishindikana, ni soketi ya kung'olea. Chagua iliyo ndogo kidogo kuliko nati, yenye kushikwa na mpini wa nusu inchi. Acha nati nyingine za gurudumu hilo zikiwa zimekaza. Zungushia soketi utepe mgumu kwa nje ili isichubue rimu, igonge kwa nyundo nzito mpaka iketi, kisha fungua kwa mpini mrefu kwa mvuto mmoja wa polepole. Ukivuta kwa vishindo, meno yake yanakwangua bila kuuma. Nati ikitoka itabaki imekwama ndani ya soketi. Ibane kwenye vaisi na uisukume kwa fimbo ya chuma kutoka upande wa pili.

Gurudumu likiwa wazi, angalia nyuzi za bolti. Nati mpya ya kawaida ikizunguka kwa vidole mpaka mwisho, bolti ni nzima. Ikishikashika hata baada ya brashi ya waya, badilisha bolti.

Ufunguo ninao, lakini nati imegoma.

Safisha mfereji wa nati kwanza kwa sindano au bisibisi nyembamba. Tope lililokauka ndani ya mchoro linazuia ufunguo usizame, na milimita mbili tu za kutozama zinatosha kuvunja meno. Gonga ufunguo taratibu kwa nyundo ya mpira mpaka uketi. Nyunyiza dawa ya kulegeza kutu nyuma ya nati, kwa uangalifu isifike kwenye diski ya breki, usubiri robo saa. Kisha kaza nati jirani kidogo ili kupunguza mzigo kwenye hii moja, na ujaribu tena kwa mpini mrefu huku mtu wa pili akiusukuma ufunguo ndani. Ikifunguka, zirudishe zile jirani kwenye kipimo chake.

Ukiona ufunguo unaanza kuteleza au meno yanapinda, acha hapohapo. Ufunguo ambao bado una umbo unaweza kufungua tatu zilizobaki.

Fundi anataka kuchomelea nati ya kawaida juu ya ile ya kufuli. Nikubali?

Iwe njia ya mwisho. Inafanya kazi, kwa kuwa joto lenyewe hulegeza kutu, lakini joto hilohilo linafika kwenye beringi, sili ya habu, rangi ya rimu na ukingo wa tairi. Kama hakuna budi, betri ya gari itenganishwe kwanza, klipu ya ardhi ya mashine ifungwe kwenye gurudumu hilohilo ili umeme usipite kwenye beringi, na bolti iliyopata moto ibadilishwe baadaye. Kutoboa kwa drili ni polepole na chuma kilichokazwa kwa moto kinamaliza biti, lakini mikononi mwa mtu mvumilivu huacha rimu salama zaidi.

Zinaharibu balansi ya magurudumu?

Hapana. Tofauti ya uzito ni ndogo na iko karibu na kitovu. Gari likianza kutetemeka baada ya kuzifunga, shuku kitako kisicho sahihi au nati isiyokazwa, na usimame ukague.

Spana haiingii tena vizuri kwenye nati zangu za kawaida. Inahusiana na hizi?

Ni tatizo jingine. Nati zingine za kiwandani zimevikwa kofia ya bati jembamba linalong'aa. Maji yakiingia chini yake kutu inaiinua bati hiyo, na nati ya milimita 19 inageuka ya 19 na nusu ambayo haina spana. Zibadilishe zote kwa nati za kipande kimoja, na ukiwa hapo kagua kama za kufuli nazo zina kofia ya namna hiyo.

Nimeamua kuziondoa. Niweke nini?

Nati nne za kawaida zenye uzi, kitako na urefu sawa na zile zilizobaki kwenye gari. Chukua moja uende nayo dukani. Seti ya zamani itunze pamoja na ufunguo wake ndani ya mfuko mmoja, maana ukiuza gari mnunuzi anaweza kuzitaka. Kama unachoogopa bado ni wizi, alamu yenye kihisi cha kuinama hulia gari linapoanza kuinuliwa kwa jeki, na kuegesha ubavu mmoja karibu kabisa na ukuta kunaokoa magurudumu mawili bila gharama yoyote.